Mtama Mmoja, Vyakula Viwili: Kwa Nini Ng'ombe Huishi kwa Bua Nasi Hatuwezi

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mkulima na mfugaji wa Kongwa, mkoani Dodoma, na mwaka huu nimejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Katika baiolojia nimesoma kwamba wanga wa punje ya mtama na selulosi ya bua lake vyote vimejengwa kwa glukosi. Sasa ugali wa mtama unanishibisha, lakini bua hata nikilitafuna kutwa nzima halinipi nguvu, ilhali ng'ombe wangu wanavuka kiangazi kwa mabua hayo hayo. Ikiwa glukosi ni ile ile, tofauti inatoka wapi? Tena nieleze kwa nini mtama huo huo, ulipochipua upya baada ya kuvunwa, uliua ng'ombe wawili wa jirani yangu kwa siku moja.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kurudi kwenye masomo. Maswali yako mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini yote yanaanzia mahali pamoja padogo sana, yaani kwenye kifungo kimoja cha kikemia kinachoiunganisha glukosi na kitu kilicho jirani yake. Vitabu vingi vya shule hulimaliza swali lako la kwanza kwa sentensi moja, kwamba binadamu hana kimeng'enya, yaani protini ya kuvunjia chakula, cha kuvunja selulosi. Sentensi hiyo ni ya kweli, na ukiiandika katika mtihani utapata alama zako, lakini haielezi kifungo chenyewe kina nini, wala haisemi jambo ambalo wafugaji wengi hushangaa kulisikia: kwamba ng'ombe naye kimeng'enya hicho hana.

Tuanze na glukosi yenyewe. Molekuli moja ya glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni, na inapokuwa ndani ya maji hujikunja na kufanya pete yenye pembe sita, ambayo imefungwa na kaboni tano na oksijeni moja, huku kaboni ya sita ikibaki nje ya pete. Wanakemia wamezipa kaboni hizo namba kutoka 1 hadi 6. Kwenye kaboni namba 1 kuna kikundi kidogo cha oksijeni na hidrojeni ambacho, tukiichora pete hiyo ikiwa imelala, kinaweza kuelekea chini au kuelekea juu. Kikielekea chini, glukosi hiyo huitwa alfa. Kikielekea juu, huitwa beta. Molekuli zikiwa huru majini hazitulii katika umbo moja, bali hugeuka kutoka alfa kwenda beta na kurudi, kwa hiyo mgonjwa anayekunywa glukosi hana haja ya kuuliza amepewa ipi.

Mambo hubadilika pale molekuli hizo zinapoungana. Kaboni namba 1 ya glukosi moja hushikana na kaboni namba 4 ya glukosi nyingine kwa kupitia atomi moja ya oksijeni, na katika tendo hilo molekuli moja ya maji hutolewa. Tangu hapo umbo la kaboni namba 1 haligeuki tena, na mnyororo mzima hufuata mwelekeo uliochaguliwa. Mmea unapounganisha glukosi za alfa, kila kifungo huupinda mnyororo kidogo kuelekea upande ule ule, mpaka mnyororo unajiviringisha na kuacha uwazi katikati, na huo ndio wanga ulio katika punje. Mmea unapounganisha glukosi za beta, kila glukosi hupinduliwa ikilinganishwa na ile iliyoitangulia, mapindo hufutana, na mnyororo hunyooka. Minyororo iliyonyooka hulala bega kwa bega, kila mmoja ukiushika jirani yake kwa vifungo vya hidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini kwa wingi wake hufunga minyororo hiyo kwa nguvu kiasi kwamba maji hayapati pa kupenya. Hiyo ndiyo selulosi, na ndiyo inayoufanya mtama usimame wima katika upepo wa Dodoma ukiwa umebeba suke zito juu yake.

Shaka yako ina historia ndefu. Mkemia Mfaransa Anselme Payen aliitenga selulosi mwaka 1838 na akaona kwamba viambato vyake vinalingana na vya wanga, ingawa vitu hivyo viwili havifanani hata kidogo kwa tabia. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1833, yeye na mwenzake Jean-François Persoz walikuwa wamepata katika kimea cha shayiri dutu iliyoweza kuuvunja wanga ukawa sukari, ambayo ndiyo kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi. Dutu hiyo haikuwa na la kufanya mbele ya selulosi.

Usidhani kwamba selulosi ina nguvu kidogo kuliko wanga. Gramu moja ya wanga ikiungua yote hutoa joto la takriban kilojuli 17, na gramu moja ya selulosi hutoa karibu kiasi kile kile. Mama anayekoka moto kwa mabua makavu anaitumia nguvu hiyo bila kupungukiwa na kitu, kwa sababu moto hauchagui vifungo. Mwili wa kiumbe hai hauwezi kutumia njia hiyo, kwa kuwa kila kinachovunjwa ndani yake kinapaswa kuvunjwa katika joto la nyuzi 37 au karibu na hapo, na katika joto hilo kifungo cha glukosi, kiwe cha alfa au cha beta, kinaweza kukaa miaka mingi bila kuachia. Hata asidi ya tumbo letu, kwa ukali wake wote, haitoshi. Ili asidi peke yake iigeuze selulosi kuwa sukari, viwandani hulazimika kuongeza joto kali na mgandamizo.

Kinachohitajika ni kimeng'enya, yaani protini yenye mfuko wenye umbo maalumu ambamo kitu kinachovunjwa hushikwa na kukazwa mpaka kifungo chake kinaachia. Mjerumani Emil Fischer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1902 kwa kazi yake juu ya sukari na dutu nyingine ziitwazo purini, alikuwa amependekeza mwaka 1894 kwamba kimeng'enya na kitu chake vinachukuana kama kufuli na ufunguo wake, na jambo lililomfikisha kwenye wazo hilo ndilo unaloliuliza wewe, kwa maana aliona kwamba kimeng'enya kinachovunja kifungo cha alfa hakikigusi kile cha beta, na kinachovunja beta hakikigusi alfa. Leo tunajua kwamba kimeng'enya si kigumu hivyo, kwani hujinyumbua kidogo kinapokishika kitu chake, lakini msingi wa hoja ya Fischer umebaki. Amilesi, yaani kimeng'enya cha kuvunja wanga, iliyo katika mate yako, na ile inayotoka kwenye kongosho kuingia utumbo mwembamba, ina mfuko wa kupokea mnyororo uliojipinda. Mnyororo ulionyooka hauingii humo.

Unaweza kuliona hili kwa macho ukiwa nyumbani. Nunua duka la dawa chupa ndogo ya tinktura ya iodini, ile ya kupaka vidonda, uizimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi, kisha udondoshee kipande cha ugali uliopoa. Ugali utageuka mweusi wenye ubuluu, kwa sababu iodini huingia katika ule uwazi wa mnyororo wa wanga na kujipanga humo. Uache ugali upoe kwanza, maana ukiwa wa moto mizunguko ya mnyororo hulegea na rangi haikai. Halafu udondoshee pamba safi ya hospitali, ambayo karibu yote ni selulosi: utaona rangi ya kahawia ya iodini yenyewe tu, kwa kuwa mnyororo ulionyooka hauna uwazi wa kuipokea. Usitumie karatasi ya daftari badala ya pamba, ingawa nayo ni selulosi, kwa sababu viwanda vingi hupaka wanga kwenye karatasi ili wino usisambae, na wanafunzi wengi huhitimisha hapo kwamba kitabu kimewadanganya. Mwisho, chukua vikombe viwili vya uji mwepesi uliopoa kabisa, utemee mate mengi katika kimoja, ungoje kama nusu saa, kisha udondoshee vyote viwili iodini. Kile chenye mate kitapokea rangi hafifu au kitakosa kabisa, kwani amilesi imekwisha kuikatakata minyororo. Rudia kwa pamba iliyolowekwa mate, hata usiku kucha, na hutaona badiliko lolote.

Hapa niseme neno juu ya jiko, maana wengi hudhani kwamba upishi ni suala la ladha tu. Wanga wa punje mbichi nao umefungashwa katika chembe ngumu ambazo maji hayaingii kwa urahisi, na chembe za mtama huanza kunywa maji na kuvimba zikifika joto la nyuzi 70 hivi. Ugali unapokuwa mzito sufuriani, ndipo minyororo inapofunguka na kuwa tayari kwa amilesi. Ukipoa ukawa kiporo, baadhi ya minyororo hujipanga upya na kushikana, na sehemu ya wanga huo hupita utumbo mwembamba bila kumeng'enywa. Mtama una jambo lake la ziada: protini yake iitwayo kafirini huzizunguka chembe za wanga, na ikipikwa hukaza zaidi, kwa hiyo wanga wake humeng'enywa polepole kuliko wa mahindi. Wazee wanaposema kwamba ugali wa mtama unakaa tumboni, kemia haiwapingi.

Watoto wanaotafuna bua bichi la mtama mtamu shambani nao wanafanya kemia sahihi kabisa, kwani wanafyonza maji yenye sukari ambayo imeyeyuka tayari, kisha wanatema makapi. Makapi hayo ni selulosi pamoja na kitu kingine kiitwacho lignini, ambacho si sukari kabisa, na ambacho hujaza nafasi kati ya nyuzi za selulosi na kuzigandisha pamoja. Kadiri bua linavyozeeka ndivyo lignini inavyoongezeka, na hiyo ndiyo sababu bua lililokatwa mara tu baada ya mavuno ni chakula bora kuliko lile lililoachwa shambani likipigwa na jua mpaka Oktoba.

Sasa twende kwa ng'ombe. Katika chembe zake za urithi hamna maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja selulosi, na mate yake hayana hata amilesi ya maana. Alicho nacho ni chumba. Tumbo lake la kwanza, rumeni, ambalo kwa ng'ombe mkubwa wa kigeni hubeba lita 100 na zaidi, na kwa zebu, yaani ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, hubeba pungufu ya hapo, lina joto la nyuzi 39 hivi, halina oksijeni, na hupokea mate mengi yenye magadi ambayo huizuia asidi isizidi. Katika mililita moja tu ya maji ya rumeni kuna bakteria zaidi ya bilioni 10, pamoja na protozoa, yaani viumbe wadogo wa chembe moja, ambao Wafaransa Gruby na Delafond waliwaeleza mwaka 1843, na kuvu wasiohitaji oksijeni, ambao hawakutambulika mpaka Mwingereza Colin Orpin alipowaonyesha mwaka 1975. Miongoni mwa bakteria hao wamo Fibrobacter succinogenes na Ruminococcus albus, ambao hujibandika juu ya kipande cha bua na kukivunja kwa vimeng'enya vinavyoshirikiana, kimoja kikikata mnyororo katikati, kingine kikinyofoa mwishoni, na kingine kikitenganisha vile vipande viwili viwili vya mwisho. Mambo mengi tunayoyajua kuhusu viumbe hao tumeyapata kwa kazi ya Mmarekani Robert Hungate, aliyebuni katikati ya karne iliyopita njia za kuwakuza maabara bila hewa kuwafikia.

Kazi hiyo ni ya polepole mno, na ndiyo maana ng'ombe hulala kivulini akicheua kwa saa nyingi za siku. Kucheua hakuvunji kifungo hata kimoja; kunachofanya ni kulisaga bua liwe na nyuso nyingi zaidi za bakteria kujibandika. Bua hukaa rumeni siku moja, siku mbili, na likiwa gumu hata zaidi. Binadamu angekuwa na kimeng'enya cha selulosi leo hii, bado kisingemfaa sana, kwa sababu chakula hupita katika utumbo wetu mwembamba kwa saa chache tu.

Halafu kuna jambo ambalo mtahini akiliuliza huwaangusha wengi: glukosi inayotoka kwenye bua haimfikii ng'ombe. Bakteria huitumia wenyewe mara inapoachia. Lakini kwa kuwa humo hamna oksijeni, hawawezi kuivunja glukosi mpaka mwisho ikawa kabonidayoksaidi na maji, hivyo huichukua sehemu ndogo tu ya nguvu yake na kutupa mabaki ambayo bado yamejaa nguvu. Mabaki hayo ni asidi tatu fupi, yaani asetiki, ambayo ndiyo iliyo katika siki, propioniki na butiriki. Asidi hizo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia katika damu, na chembe hai za ng'ombe, ambazo oksijeni zinayo ya kutosha, humalizia kuzivunja. Takriban asilimia 70 ya nguvu anayoitumia ng'ombe hutoka kwenye asidi hizi. Glukosi anayoihitaji kwa ajili ya ubongo wake, na kwa ajili ya sukari iliyo katika maziwa unayomkamua, ini lake huijenga upya, hasa kutokana na asidi propioniki. Ukinywa maziwa ya ng'ombe aliyelishwa mabua, kaboni iliyokuwa katika selulosi imekufikia nawe, ila imepita mikono mingi.

Sehemu ya nguvu hupotea njiani, kwani viumbe wengine wa rumeni huichukua hidrojeni inayobaki na kuiunganisha na kabonidayoksaidi kuwa methani, ambayo ng'ombe huitoa kwa kupiga mbweu. Hasara kubwa zaidi kwa mfugaji wa kanda ya kati, kwa maoni yangu, haiko hapo. Iko kwenye naitrojeni. Bakteria hawawezi kuongezeka bila kutengeneza protini, na protini haitengenezwi bila naitrojeni, ambayo bua kavu halina kwa kiasi cha kutosha. Ng'ombe aliyepewa mabua matupu kuanzia Julai hadi mvua za Desemba anaweza kuwa na rumeni iliyojaa na bado akakonda, kwa kuwa bakteria wake wana njaa ya naitrojeni na bua halimalizwi kuvunjwa. Mpe kiasi kidogo cha mashudu ya alizeti, ambayo huku kwetu Dodoma na Singida hayako mbali, nawe utaona anakula mabua mengi zaidi, kwani chumba kinafunguka mapema kupokea mengine. Bakteria wenyewe hatimaye husukumwa pamoja na chakula hadi tumbo la nne, ambalo ndilo linalofanana na letu, na humo humeng'enywa, hivyo sehemu kubwa ya protini ya ng'ombe wako ni miili ya bakteria wake. Urea pia hutumika kuwapa bakteria naitrojeni, lakini ikizidi huua, kwa hiyo usiijaribu bila afisa mifugo kukupimia.

Punda hufanya kazi kama hiyo kwenye utumbo mpana, baada ya chakula kupita tumboni, na kwa sababu hiyo hupata asidi lakini hupoteza wale bakteria. Kinyesi chake chenye nyuzi ndefu kinakuonyesha kwamba bua halikusagwa mara ya pili. Sisi nasi tuna bakteria kwenye utumbo mpana wanaochachusha sehemu ya nyuzi tunazokula, hasa zile laini za mboga na kunde, na asidi butiriki wanayoitoa ndiyo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo huo. Kwa hiyo makapi hayatupiti bure kabisa, ila faida yake kwa nguvu za mwili ni ndogo.

Nije sasa kwenye msiba wa jirani yako, ambao nampa pole. Mtama mchanga una kampaundi iitwayo dhurini, ambayo Waingereza Dunstan na Henry waliieleza mwaka 1902. Dhurini ni glukosi iliyounganishwa na molekuli nyingine yenye kaboni na naitrojeni zilizoshikana kwa namna inayoweza kuachia sumu kali iitwayo sianidi, na kifungo kinachoziunganisha ni cha beta, jamaa wa kile kilicho katika selulosi. Kifungo hicho kikiwa salama, dhurini haina madhara. Mmea wenyewe una kimeng'enya cha kukikata, lakini hukiweka mbali na dhurini, na viwili hivyo hukutana pale jani linapotafunwa. Glukosi ikitoka, kinachobaki hakiwezi kudumu, kwa hiyo huvunjika na kutoa sianidi ya hidrojeni.

Kwa mnyama mwenye tumbo moja, asidi kali ya tumbo huweza kukizima kimeng'enya cha mmea kabla hakijamaliza kazi. Ng'ombe hana kinga hiyo mwanzoni. Majani huingia rumeni, mahali pa vuguvugu pasipo na asidi kali, palipojaa bakteria ambao riziki yao ni kukata vifungo vya beta, nao huikata dhurini pamoja na vingine. Uwezo ule ule unaomwezesha kuishi kwa bua ndio unaomfanya adhurike haraka. Sianidi huingia katika damu na kukizuia kimeng'enya cha mwisho katika mfuatano unaotumia oksijeni ndani ya mitokondria, yaani sehemu za chembe hai zinazozalisha nguvu, na hapo chembe hai hukosa nguvu ingawa oksijeni imejaa tele katika damu. Ndiyo maana damu ya mnyama aliyekufa hivyo huwa nyekundu angavu. Anaanza kuhema kwa kasi, anayumba, anaanguka na kutetemeka, na mara nyingi huwa amekufa kabla ya kupita saa moja au mbili tangu aanze kula.

Dhurini huwa nyingi zaidi katika machipukizi machanga, na huzidi pale mmea unapopatwa na ukame, kukatwa au kukanyagwa. Mashina yanayochipua upya baada ya mavuno, katika unyevu kidogo uliobaki ardhini, yana sifa hizo zote kwa pamoja, na kwa bahati mbaya huwa ndicho kitu pekee cha kijani shambani wakati ng'ombe wana njaa. Zuia mifugo isiingie humo mpaka machipukizi yavuke urefu wa sentimita 60 hivi, na hata hapo usiwaingize wakiwa na njaa. Wape kwanza majani makavu washibe. Kukata na kukausha vizuri juani hupunguza hatari, kwa sababu sianidi ni gesi nyepesi inayoyeyukia hewani, na mabua yaliyokomaa ya mtama uliovunwa, hayo unayowapa ng'ombe wako, yana dhurini kidogo sana. Ukiona dalili, watoe wote shambani mara moja na umwite daktari wa mifugo bila kungoja, kwani zipo sindano za naitriti ya sodiamu na thaiosalfeti ya sodiamu zinazoweza kumwokoa mnyama zikiwahi, lakini hazina muda wa kusubiri kesho.

Jambo hili linaihusu pia meza yako. Punje ya mtama iliyokomaa haina dhurini ya kutia wasiwasi, lakini ukiilowesha ili iote na kuwa kimea, kichipukizi na vimizizi vyake huitengeneza kwa wingi. Kimea chenyewe ni kitu cha thamani, kwa sababu punje inayoota hutengeneza amilesi nyingi za kuuvunja wanga wake, na kijiko kimoja cha unga wa kimea kikikorogwa katika uji mzito wa mtoto ulioanza kupoa huulainisha kwa dakika chache bila kuuongezea maji, hata mtoto mwenye tumbo dogo akapata chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile. Tengeneza kimea hicho ukitaka, ila ukishakausha punje zilizoota, zisugue na kuzipepeta mpaka vichipukizi na vimizizi vyote vitoke kabla ya kusaga, na uji huo uchemshe tena kidogo baada ya kulainika.